Chui Mwenye Ndui

Mama Feza,

Usianze kunitania kwamba barua imejaa madoa. Nayaona. Sitasingizia uzee, hata kama ningependa. Ni woga. Mimi bwana yako, niliyemujibu padri katikati ya mahubiri na kucheka kwenye matanga ya baba yako, leo nimeegemeza kiti kwenye mulango, jua likiwa kali hivi na watu wanapita na samaki zao kama kawaida. Gari likinguruma nje, naacha kuandika. Likipita, naendelea. Kwa hiyo ukiona neno limekatika, ujue lilikuwa gari.

Niko na jambo ambalo siwezi kumwambia muntu aliye hai. Mutoto wetu Feza siwezi, atalia. Padri siwezi, anakunywa, na akishakunywa anahubiri. Nimebaki na wewe. Tangu ufe umekuwa mushika siri muzuri sana, Mungu anisamehe. Ulipokuwa hai habari ilikuwa inalala kwako usiku mumoja tu, asubuhi imeshafika bandarini.

Basi sikiliza.

Kazi ya kadi sikuiacha. Ningeiacha ningekula nini, pole za watu? Watu bado wanaoana, bado wanazaa, bado wanataka kadi za Bonane, mwaka mupya ukifika. Nimeendelea kukata modeli, ile michoro ya matundu ya kupitisha wino, kwa wembe katika zile plastiki nyeusi za picha za mifupa, zile ambazo infirmie wa hospitali anatupatia zikishazeeka. Unakumbuka ile ya kwanza? Mbavu za muntu tusiyemujua, na mimi nikakata ndani yake maua ya arusi. Ukaiinua kwenye dirisha, ukasema: "Papa Feza, angalia, marehemu amechanua." Tulicheka mupaka wino ukamwagika kwenye kitenge chako kipya, halafu ukaacha kucheka ukanifukuza na mwiko.

Lakini mimi nilikuwa mukataji tu. Wembe ulikuwa wangu, sponji ilikuwa yako. Ulikuwa unachovya kile kipande cha godoro katika wino, halafu unakigongagonga kwenye gazeti kuukuu, tena na tena, mupaka nakukemea: "We mama, wino wote umekula gazeti, karatasi itakula nini?" Na wewe bila kuniangalia: "Sponji inafanya kazi ikiwa na njaa." Ndipo unaigusisha juu ya modeli, wima, polepole, kama unamupaka mutoto poda. Mimi nilidhani ni madoido tu.

Sasa, baada ya mvua kuanza, akaja Kalunga. Yule kiongozi wa Chama hapa kwetu. Tulimutengenezea kadi za ubatizo wa mapacha wake, zamani, kabla Chama hakijakataza majina ya watakatifu. Siku hizi haitwi tena bwana, ni Sitwayeni Kalunga, raia Kalunga, amevaa koti la abakosti lililonyoshwa mupaka shingo haigeuki. Hakukaa. Akasema:

"Papa Feza, kuko mukubwa anatoka Lubumbashi. Tunataka kadi za kualika watu. Karatasi yote ijae madoa ya chui."

Nikamuuliza: "Chui dume ao jike?"

Akaniangalia. "Chui wa Chama," akasema, akatoka.

Nilikata vizuri, Mama Feza. Ungeringa. Doa la chui si doa, ni pete iliyovunjika, na ukikata pete lazima uache vidaraja vya kushika katikati, la sivyo katikati inaanguka unabaki na tundu la panya. Vidaraja vyangu vilikuwa vyembamba kama uzi. Niliinua ile plastiki kwenye jua, nikasema, muzee, bado uko.

Halafu nikashika sponji.

Yangu ilikuwa imeshiba. Wino ukapenya chini ya plastiki, pete zote zikajifunga, na katikati ya kila moja ukasimama kama kidimbwi. Nilitundika karatasi kwenye kamba ya nguo, nikasema zikikauka zitakaa sawa. Zilikauka. Kila doa lilikuwa kivimbe, na kila kivimbe kilikuwa na kitovu. Nikajaribu karatasi ya pili, ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Unanijua, nikikasirika nakazana. Nilimaliza karatasi zote, na karatasi hapa mujini sasa ni kama dawa, tangu lile duka la Mugiriki lichukuliwe na kupewa mukubwa asiyejua karatasi inatoka wapi.

Kamba nzima ya nguo, kutoka mupapai mupaka kwenye choo, ilikuwa imejaa.

Ndipo Mama Sikujua akaingia uani kuomba chumvi. Jirani yako bado anaomba chumvi, hilo halijabadilika. Akasimama mbele ya kamba, mikono kiunoni.

"Papa Feza, huyu ni munyama gani?"

"Ni chui."

"Chui? Mbona amevimba hivi?"

Hapo ningefunga mudomo. Wewe ungenikanyaga mguu, na ningefunga. Lakini mguu wako haukuwepo. Nikasema: "Ana ndui."

Mama Sikujua alicheka mupaka akakaa chini. Chumvi yote mavumbini. "Chui ana ndui! Yesu wangu, chui ana ndui!" Na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike, nakuambia ukweli, na mbavu ziliniuma vizuri sana. Sikufikiri juu ya ile kofia ya Rais, ya ngozi ya chui. Sikufikiri juu ya ile picha yake inayoning'inia katika kila biro ya serikali, chui juu ya kichwa. Niliona tu kazi yangu mbovu inayopepea kwenye kamba.

Kesho yake Mama Sikujua akaenda ufukweni kununua ndakala, dagaa wetu. Neno likaenda naye. Jioni likarudi bila yeye, limeshajua njia. Nilisikia wanawake wa samaki wakipimiana: "Jaza kopo, mama, chui ana ndui!" Watoto wakaruka kamba nalo: "Chui ana ndui, usimuguse!" Hata wale wabeba mifuko pale bandarini, mumoja anaita "Chui!" na wengine wanaitikia "Ana ndui!" na mufuko unapanda kwenye behewa. Neno la kipuuzi, lakini linateleza mudomoni, chui, ndui, nani ataliacha? Lilienea kama ugonjwa wenyewe.

Niliondoa karatasi kwenye kamba, nikaziweka chini ya godoro, nikazilalia kama kuku. Nikamukumbuka yule fundi wa saa aliyesema saa ya Chama inarudi nyuma. Walimuchukua. Alirudi, ndiyo, mwili wote alirudi nao. Lakini tangu ile siku ukimuuliza ni saa ngapi anaangalia chini.

Kalunga akaja tena. Akasimama palepale.

"Kuko neno linatembea mujini."

"Maneno ni mengi, Sitwayeni."

"Kesho asubuhi, biro ya Chama. Uje na modeli na karatasi. Zote."

Nilifikiri kupanda boti ya Kigoma. Halafu nikafikiri jambo baya zaidi. Nikafikiri kwamba aliyelipeleka neno sokoni si mimi. Ni Mama Sikujua. Nikalitamka jina lake peke yangu, hapa kitandani, nione linatoka namna gani. Lilitoka kirahisi, Mama Feza. Lilitoka kama mate. Hapo ndipo niliogopa kuliko nilivyomuogopa Kalunga.

Asubuhi, kabla sijavaa viatu, yeye mwenyewe akabisha. Uso ulikuwa umepauka kama unga wa muhogo.

"Papa Feza, utasema ni mimi?"

"Nitasema ni bwana yako."

"Bwana yangu alikufa!"

"Njo maana. Watamutafuta wee, hawatamupata."

Akacheka na kulia kwa pamoja, akanipiga begani. Nikaenda.

Kule biro Kalunga alimutuma karani wake nje, akafunga mulango. Picha ilikuwa juu ya kichwa chake, inaniangalia. Nikakumbatia karatasi zangu. Akauliza:

"Nani alianza?"

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, hungeitambua. "Lakini sikumusema mukubwa yeyote, Sitwayeni. Nilisema kazi yangu. Muke wangu amekufa, na mwenye kujua sponji alikuwa yeye. Mimi najua wembe tu. Angalia mwenyewe."

Nikatandaza karatasi moja juu ya meza.

Akainama. Akaangalia. Akaangalia tena, karibu zaidi. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikasema basi, ni hasira, nimekwisha, nikaanza Baba Yetu na nikasahau inakwenda vipi baada ya mbinguni. Ndipo akaweka ngumi mudomoni. Pumzi ikamutoka puani kama tairi lililotoboka. Machozi yakadondoka juu ya ile ndui.

Alikuwa anacheka, Mama Feza. Kalunga. Chini ya ile picha. Alicheka muda murefu bila sauti, ameshika ukingo wa meza kama muntu aliye ndani ya mutumbwi wakati wa mawimbi.

Halafu akanyoka. Akaangalia picha kwanza. Akaangalia mulango. Mwisho akaniangalia mimi. Sijawahi kuona muntu mwenye woga kama ule, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeulalia na kuuamkia.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Sitwayeni."

"Umesikia nini?"

"Haya masikio ni ya muzee."

Akachana karatasi zote, akazichoma ndani ya ndoo, akasimama hapo mupaka moshi ukaisha. Modeli akaikatakata kwa makasi. Akasema: "Fanya kadi za maua. Chui hapana tena. Na hilo neno ni la watoto, hakuna aliyelianza." Akafungua mulango.

Ningemushukuru Mungu yakaisha. Sikukuu ya yule mukubwa imepita, kadi za maua zilipendwa, neno lenyewe limechoka, watoto wameshapata lingine. Mama Sikujua anaona yamekwisha, ameanza tena kuomba chumvi.

Hayajakwisha. Kalunga anapita hapa kila siku. Hanisalimii. Haniangalii machoni, ananiangalia mudomo. Juzi alituma pakiti ya sukari, bila neno. Bado iko juu ya kabati, sithubutu kuitia katika chai. Zamani nilikuwa najua cha kufanya na muntu aliyenikasirikia, unamuchekesha. Huyu nimeshamuchekesha, njo shida yenyewe. Ananiogopa, na ako na watu wa kutuma. Kama kesho ataamua kwamba usingizi wake hauji mupaka ninyamaze kabisa, ataniita tena, na hapo hakutakuwa na karatasi ya kumuonyesha.

Na bado watu wananiuliza. Pale kwenye kikao cha pombe, wanaume wanasogea: "Papa Feza, kule biro ilikuwaje?" Mama Feza, hicho ndicho kichekesho kizuri kuliko vyote nilivyopata tangu nizaliwe. Kiko hapa kwenye ncha ya ulimi, kinasukuma meno. Nikikitoa kitaua watu wawili, na mumoja ni mimi. Nimeshafungua mudomo juu yake jana. Ilibaki kidogo. Nikajifanya nakohoa, nikakimbia nyumbani, nikaweka hiki kiti.

Kwa hiyo naondoka. Feza ameniita niende kwake Moba tangu matanga yako, nikawa namujibu eti siwezi kuacha kazi. Kesho napanda boti. Kule hakuna anayemujua Kalunga, hata nikilewa lutuku nikasema, hakitakuwa na ladha, watauliza Kalunga ni nani. Naogopa ziwa, unajua, na msimu huu upepo ni mubaya. Lakini ziwa halisikilizi mudomo wa muntu. Mama Sikujua atapalilia kaburi lako. Amekubali upesi mno, akilima muchicha humo usishangae.

Barua hii nitaikunja ndogo, na leo watu wakishashuka sokoni nitaichimbia upande wa kichwa chako, chini sana, mahali mbuzi hawafiki. Nimeshakuahidi mengi katika maisha, na yalipoishia unapajua. Hii naahidi kwa sababu ina meno: sitamwambia mwingine. Si Feza, si padri, si hata Mama Sikujua, ambaye ana haki. Nimekuambia wewe, basi.

Naomba kitu kimoja tu. Mimi nilicheka kidogo na nikalipa kwa woga wa mwezi muzima. Kalunga alicheka ngumi ikiwa mudomoni. Wewe cheka vizuri, Mama Feza. Cheka kwa sauti, kama ile siku ya wino. Sidhani kama huko wametundika picha ukutani.

Lala salama. Ni mimi bwana yako,

Papa Feza