Fundi wa Piano na Doa Jekundu

Kigoma,
Jumatano asubuhi.

Kwako dada yangu mpendwa Domitila,

Shikamoo dada. Ni matumaini yangu kwamba wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kikohozi cha Diana kimemwacha. Mimi mwili hauna neno, ila moyo hautulii. Usishangae kupata barua. Simu ninayotumia ni ya ofisi, na siku hizi meneja wetu, Bwana Erasto, huiazima kisha akakaa nayo. Kwa simu ya Agnesi muuza vitenge nimekutafuta, hupatikani. Kwa kuwa anapanda boti ya Kagunga leo, nimemwomba akupe barua hii mkononi, si kwa jirani.

Unaikumbuka ile piano kuukuu ya ukumbini hapa hosteli. Ni ya marehemu baba yake Mama Recho, mwenye hosteli, anayeishi Dar. Vibonyezo vyake vyeupe vimefunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu, na kibali chake Mama anacho. Ufunguo wa ukumbi hukaa kwangu mimi karani. Kikipotea kitu humo, wa kwanza kuulizwa ni mimi, na kwa pembe za ndovu mtu haulizwi tu, hufungwa.

Wiki iliyopita Mama Recho alimleta fundi kutoka Bujumbura, Mzee Nikodemu, bila kumwarifu meneja. Bwana Erasto alikasirika mno. Aliniita pembeni akaniambia nimtazame mikono yule mzee, kwani watu kama yeye hawaji na begi jepesi wakaondoka nalo jepesi. Nami nikamtazama kweli.

Alipofungua ubao wa mbele, ndani mlikuwa na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa sufu ya vinyundo vya piano, na mende wakavu wa kujaza kikombe. Alicheka akasema kumbe panya wa Kigoma wana kwaya yao. Alifyonza vumbi kwa mashine ndogo, akapiga brashi kwenye kona zote, akasugua kutu kwenye nyaya taratibu kama anayemwosha mtoto. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, macho kwenye begi lake. Siku moja akanisalimu kwa Kirundi, “Mwakeye, karani! Leo unanilinda mimi au unawalinda panya?” Niliona haya, lakini sikuondoka. Kila jioni Bwana Erasto aliniuliza kama fundi ameshafika kwenye vibonyezo. Nilidhani anajali mali ya hosteli.

Jana fundi alivifikia. Alivichomoa kimoja kimoja, akavilaza kwenye mkeka kwa mpangilio wake. Ghafla akasimama, akanusa kimoja, akakikwaruza kwa ukucha. Ucheshi wake ukamwisha. Akaniuliza pembe nimezipeleka wapi, maana hiyo ni plastiki iliyokatwa kwa mkono na gundi yake bado mpya. Nikaapa. Akasema wote huapa, na kwamba hatagusa kitu tena, asije akasingiziwa yeye. Tukabaki tunatazamana kama wageni wawili waliokuta kipande cha samaki hakimo sahanini.

Baadaye akanionyesha doa jekundu la mviringo juu ya kifuniko cha piano, sawa na kitako cha ndoo. Aliuliza ni mpumbavu gani huweka mafuta ya kupikia juu ya piano. Nikainama nikanusa. Mawese.

Dada, ni ile ndoo niliyokuletea mwezi jana. Siku ile Bwana Erasto aliniomba ufunguo, akadai anakagua paa linalovuja, kisha akatoka ukumbini akiifuta ndoo kitakoni. Alisema ni ya ndugu yake Martini, atakayeipitia kwako na kuivusha Burundi. Wewe uchote kidogo cha kupikia kama asante, ila usiikoroge wala kuimimina. Nilicheka moyoni kuona mtu anampangia mwenzake namna ya kuchota mafuta. Hata kwako nilijisifu kwamba bosi ananipenda. Kumbe alipenda kwamba dada yangu anakaa mpakani, na sasa nahofia pembe zimezamishwa ndani ya mafuta yale.

Asubuhi hii nimemweleza Mzee Nikodemu yote. Hakusema kama ananiamini. Alisema twende polisi pamoja, kila mmoja amtazame mwenzake. Nawe nakusihi, usiichunguze ndoo peke yako, na usiitupe ziwani ili kuniokoa. Mwite mwenyekiti wa kijiji, imiminwe mbele ya watu, kabla Martini hajafika. Kama ameshaichukua, sema hivyo hivyo, bila kunificha. Na kama ni mawese matupu, nitakuwa nimemsingizia mkubwa wangu na kazi sitakuwa nayo. Naomba iwe hivyo.

Msalimie sana shemeji, na Diana mwambie mjomba anamkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Bariki.

Nilipokuwa nafunga bahasha, Bwana Erasto amechungulia mlangoni akaniuliza kama dada yangu wa Kagunga hajambo. Hajawahi kukuulizia. Fanya haraka, dada.