Pikapu Iliyoliliwa Kimwani

Kitendaguro, Bukoba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na mvua za huko Usangi zimekuachia njia ya kwenda shambani. Mimi ni mzima, ila mikono imejaa malengelenge ya moto wa kuchomelea, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Unamkumbuka mwenye nyumba wangu, Ta Rwegasira, yule fundi cherehani? Huku mwanamume mwenye heshima huitwa "Ta". Mama, sijaona mkaidi wa kheri kama huyu! Mdogo wake, Laurenti, alikuwa amelazwa hapa mjini kwa huu ugonjwa unaotumaliza. Kila wiki pikapu zinateremka kwenda Muleba na majeneza, maana Mhaya hazikwi ugenini; sharti alale kwenye kibanja cha kwao, kati ya migomba. Laurenti akamwambia kaka yake: "Waitu, usinirudishe kwa Mae nimelala. Nataka nifike nimekaa, mbele, kwenye gari la Tata."

Mae ndiye mama yao, na hilo gari la Tata, marehemu baba yao, lilikuwa limegeuka banda la kuku. Ni pikapu ya Kiingereza ya tangu ukoloni, mzee alikuwa akibebea kahawa. Wakati wa vita ilibebeshwa chakula cha wanajeshi mpaka chasisi ikapasuka. Ta Rwegasira akanunua chasisi ya pikapu mpya ya Kijapani iliyopinduka, injini yake nzima, akaiburuta hadi uani. Majirani wakacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda kuazima mtungi wa gesi.

Ungemwona, Mama! Alipima kabini kwa futi yake ya kushonea, akakata vielelezo kwa karatasi za mifuko ya saruji kama mtu anayekata suti. Chasisi ilikuwa ndefu kuliko bodi, na matundu ya bolti hayakukutana hata moja. Nilitaka tulazimishe kwa nyundo. "Hapana," akasema, "nguo ikibana, mwili haupigwi. Tunashona upya." Nikachomelea vishikio, akavipima, akavikataa, nikavichomelea tena. Niliudhika, sikufichi. Lakini siku vijana walipoinua bodi na kuiteremsha, ilikaa kama kofia kichwani.

Tukamtoa Laurenti hospitali, tukamkalisha mbele katikati ya mito. Nikasisitiza twende polepole, nikichelea michomeleo yangu. Swichi ya taa ilikuwa imegoma, kwa hiyo taa ziliwaka mchana kweupe. Shangazi zao wawili wakapanda nyuma, wamejitanda vitenge. Hakuna aliyefikiria tunafanana na nini.

Njia nzima watu walisimama na kuvua kofia. Ta Rwegasira alidhani wanastaajabia gari, akawa anawapungia mkono! Tulipoingia Kimwani, kijijini kwao huko Muleba, tukapokewa na mayowe. Wanawake wameshika vichwa, wanaume wameshatoka na majembe, na mama yao, bibi kizee, amekaa chini hawezi kunyanyuka. Ndipo akili ikatuingia: pikapu ya mjini, mwendo wa pole, taa mchana, wanawake nyuma. Nilitamani ardhi inimeze.

Laurenti akafungua mlango mwenyewe. Akashuka akijishikiza kwenye boneti.

"Mae, mnamlilia nani?" akasema. "Nipeni chakula, nina njaa."

Yule bibi alimpapasa uso, mabega, mikono, kisha akampiga kikofi. "Mwana wange, umechelewa!" Kilio hakikukoma, Mama, lakini sasa watu walilia wakicheka.

Nikamtafuta Ta Rwegasira. Alikuwa chini ya gari, chali, eti anakagua michomeleo. Nikajilaza kando yake. Alikuwa na spana mkononi, hakuna nati aliyoigusa, machozi yakimtiririkia masikioni.

"Imeshika," akaniambia.

Nami nikalia palepale.

Nisalimie Baba, na kaka Eliapenda anayewaangalia ng'ombe. Msalimie shemeji Naetwe wa dukani, na Bibi aliyenilea. Mwambie namkumbuka kila nikila ndizi. Waambie wote kwamba mpaka naandika haya Laurenti yu hai. Kila asubuhi anatolewa nje na kukaa garini, na amekataa katakata lirudi mjini. Ta Rwegasira alirudi kwa basi, akiimba.

Ni mimi mwanao,
Elieza