Ninachoomba Kwenye Kamera Ijayo

Jumatano, Busia. Mvua ilianza alfajiri ikaacha mchana, na barabara ya kwenda getini mpakani imekuwa tope tupu kwa sababu ya malori. Viatu vyangu viko nje. Moyo wangu, afadhali kuliko jana.

Siku tatu hizi kundi letu la wapiga picha kwenye simu halikaliki. Kuna tetesi kwamba ile kamera yetu itatoa modeli mpya. Nasema "yetu" kwa kiburi tu, maana kutoka Tororo mpaka hapa tunaoimiliki ni wawili: mimi, na Fundi Othieno wa Tororo aliyeniuzia yake kuukuu alipopata nyingine. Wengine wote wanaitamani, na wenye kutamani ndio wenye kelele.

Kila mtu ana ombi lake. Yule wa harusi za Malaba anataka iwe nyepesi, shingo imechoka. Mwingine anataka betri itakayofika jioni ikiwa hai. Mwingine ameapa kwamba wakiiwekea video atahama kundi, sijui atahamia wapi. Othieno, ambaye macho yameanza kumsumbua, anaomba kidirisha kikubwa chenye mwanga, ili aendelee kupiga picha miaka kumi mingine. Ombi hilo lilinigusa. Halafu akaniuliza mbele ya watu wote, mimi naomba nini.

Nikaizima simu. Nilikuwa na aibu ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Kwa asiyeijua kamera hii, haikuonyeshi mtu kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, na humo unamwona mtu mmoja mara mbili, kama macho yana usingizi. Unazungusha lenzi taratibu mpaka wale wawili wakae mahali pamoja, ndipo unabonyeza. Raha yake siwezi kuieleza. Ubaya wake ni huu: kwa kuwa huoni kupitia lenzi, unaweza kuiacha lenzi na kifuniko chake, ukapiga picha siku nzima, na kwenye kidirisha kila kitu kinaonekana kizuri kabisa. Skrini ya nyuma ingekuumbua, lakini yangu ilikufa mwaka jana.

Jumamosi nilisahau kifuniko.

Ingekuwa harusi ya mtu, ningelia nikanyamaza. Ilikuwa kwetu Lumino, kwenye kaburi la Bibi.

Bibi alifariki wakati wa korona, mpaka wa Uganda na Kenya umefungwa. Mama ni mtoto wake wa pili. Wa kwanza ni Mama mkubwa Ajiambo, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Funyula. Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza, na Mama mkubwa alikaa siku mbili upande wa Kenya akiwaomba askari wamvushe. Hawakumvusha. Mama alizika, akatupa yeye. Mpaka ulipofunguliwa, watu wakarudi kuvuka hata kununua nyanya, lakini Mama mkubwa hakukanyaga Lumino. Hakuwalaumu askari. Alisema mdogo wake hakumngoja.

Mwezi uliopita Mama akanituma kwake na maneno machache tu: udongo wako upo. Hata mimi sikujua anasema nini. Kumbe siku ile ya mazishi alichota konzi moja kabla hajatupa yake, akaitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na miaka yote lilikuwa chini ya kitanda chake.

Jumamosi Mama mkubwa akaja. Hakuna hotuba. Manyunyu yalitukuta njiani kwenda kaburini, nikafunika lenzi kama mtu mwenye akili. Tulipofika yakaisha. Mama akainamisha kopo, Mama mkubwa akakinga kiganja. Niliwaona wawili-wawili kwenye kidirisha, nikazungusha mpaka wakatulia, nikabonyeza. Kasi ya kupiga huwa naiweka mwenyewe, kamera haingoji mwanga, kwa hiyo hata mlio ulikuwa uleule wa kila siku. Nilikuwa nalia huku nikibonyeza, na nilijua kabisa kwamba hiyo ndiyo picha niliyonunulia kamera. Kisha betri ikafa.

Jioni nikafungua kompyuta. Nyeusi. Zote ishirini na moja.

Tangu hapo nimekuwa mwongo. Mama anapiga simu kuuliza picha, namwambia kompyuta inaumwa. Jana kaniuliza inaumwa nini, nikamwambia virusi, naye akanipa pole. Nikaipokea.

Leo asubuhi ndipo nikajibu kundini: mimi naomba modeli mpya ikatae kubonyezeka ikiwa imefunikwa. Wakacheka mpaka wakamaliza vikaragosi vyote vya simu. Othieno hakucheka. Alinitumia ujumbe wa sauti pembeni. Alisema ombi kama lile haliombi mtu ambaye hajaungua, na kwamba yeye aliungua kwenye ubatizo wa binti yake mwenyewe, hana picha hata moja. Mwishoni akasema, "Nabwire, nenda ukawaambie wenyewe. Hata hiyo mpya haitakusemea."

Nikapanda bodaboda, mvua na yote.

Nilidhani nitamkuta Mama peke yake. Nikawakuta wote wawili jikoni wanamenya muhogo. Mama mkubwa hakuwa amerudi kwake tangu Jumamosi, eti mvua. Walikuwa wanabishana kuhusu ukubwa wa vipande, na Mama alikuwa anashindwa. Nikasimama mlangoni nikasema yote, kifuniko, kompyuta, virusi. Nilisema haraka ili nisirudi nyuma.

Mama aliweka kisu chini. Mama mkubwa ndiye aliyeuliza.

"Wewe mwenyewe ulituona?"

Nikamwambia niliwaona. Kwenye kidirisha niliwaona vizuri kuliko nilivyowahi kumwona mtu.

"Basi tumeonwa," akasema. "Udongo hautupwi mara mbili. Tupige tulivyo."

Mama akaanza kulalamika kwamba kichwa chake hakijafungwa kitambaa na moshi unamtoa machozi. Mama mkubwa hakumsikiliza. Alinyoosha mkono kwangu, mkono uleule wa Jumamosi, sasa mweupe kwa wanga wa muhogo.

"Hicho kifuniko nipe mimi."

Nikampa. Akakikunjia ngumi. Niliwatafuta kwenye kidirisha, wawili wakawa wanne, wanne wakarudi wawili. Nikabonyeza. Halafu nikaikagua lenzi kwa macho yangu, nikabonyeza tena, na tena, mpaka Mama akasema muhogo hautajipika.

Picha ipo. Ninaiangalia sasa hivi kwenye kompyuta, ambayo ni mzima wa afya. Mama anacheka pembeni, kitambaa hana. Mama mkubwa anaitazama kamera kama anayeidai jibu, na ngumi yake iko katikati yao, imefungwa. Ile ya udongo sitaipata kamwe, na bado inaniuma, nisijidanganye. Ila hii pia ni yao.

Othieno ameniuliza kama bado naitaka modeli mpya. Jamani, naitaka mno! Nitangoja, nitajinyima, nitakuwa wa kwanza kuishika hapa mpakani, na nikiishika Othieno atachungulia kabla yangu, hata kama kidirisha hakitakuwa na mwanga wake. Lile ombi langu la kukataa kubonyezeka nimelifuta kundini. Hawakuelewa kwa nini, na mimi sikuwaeleza.

Jambo moja tu. Nilipofika nyumbani nikataka kuifunika lenzi, nikapekua mifuko yote. Mvua ilipoacha Mama mkubwa alirudi kwake, amevuka nacho. Nimempigia simu, ameshafika kwake, nikamwambia ampe mtu yeyote wa bodaboda aniletee getini. Amekataa. Amesema kimehifadhiwa kwenye kopo chini ya kitanda, na anayekitaka aje Funyula Jumapili, na asije peke yake.

Nimemwambia Mama. Tangu mazishi hajavuka kwenda kwa dada yake hata mara moja. Ameniuliza tutaondoka saa ngapi.