Kondoo wa Daktari na Mtoto Wangu

Jumanne, Aprili 1996. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu haujakaa mahali pake.

Mwanangu, salamu nyingi. Nakuandikia kwa sababu nikisema nawe kwa sauti watu wa nyumba wananitazama. Jina sikuiti, kwetu mtoto haitwi kabla hajatoka. Baba yako hajambo, yuko hapa Nyamasaria na pancha zake za baiskeli. Dada yako Akinyi hajambo, ila kiatu kimoja kimebaki kwenye matope. Dani, nyanya yako, amekuja kutoka Bondo na magoti yake mabovu, anakusalimu. Kuku ni wazima. Mimi pia ni mzima, kwa nje.

Hali yako wewe ndiyo hatuijui.

Wiki iliyopita daktari alinipaka mafuta baridi tumboni akakuangalia kwenye mashine ya picha. Akanyamaza, nami nikajua. Akasema njia yako ya mkojo imeziba na kibofu kimevimba. Kumbe hayo maji unayoogelea ni mkojo wako mwenyewe. Unakojoa, unakunywa, na mapafu yanakua. Usipokojoa, maji yanakwisha.

Nikamuuliza amejuaje mambo ya mtu ambaye hajazaliwa. Akasema ng'ambo walijifunza kwa kondoo. Walimpasua kondoo mwenye mimba, wakamfunga mwanawe njia ya mkojo, wakamshona mama ili mimba iendelee. Baadaye wana-kondoo wengine waliwafungulia wakiwa bado tumboni, wengine wakawaacha vilevile. Waliofunguliwa mapema, mapafu yalikua na figo zikapona kiasi. Walioachwa, wengi walizaliwa wakashindwa kupumua.

"Na mama kondoo?" nikamuuliza.

Akaangalia kalamu yake. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, mama."

Kesho anaangalia tena. Maji yakiwa yamepungua, tunakwenda Nairobi, labda wakutoe mapema wakufungulie.

Nilipoyasema nyumbani, baba yako alikataa kabisa. Ati wamemaliza kondoo, sasa wanatafuta watu. Dani naye alificha mtungi wa maji, eti kila nikinywa nakujaza wewe kibofu. Wiki nzima nimekunywa maji kwa jirani kama mwizi.

Sikumlaumu. Hofu yake na yangu ni moja.

Leo mchana Dani alikuwa anachambua omena, dagaa wa ziwani. Akaniambia nirudie ile habari ya kondoo, polepole. Nikarudia. Akaweka ungo chini. Akasema mwaka mmoja kule Bondo kondoo wake alizaa mtoto mwenye tumbo kama ngoma. Alinyonya vizuri tu, lakini hakuna aliyemwona akilowesha ardhi. Akafia mapajani pa Dani. Watu wakasema ni jicho baya la jirani, na yule jirani hawajasalimiana naye mpaka leo.

Baba yako alipoingia kula, Dani hakumpa hata nafasi ya kunawa.

"Omondi, yule wangu hakuna aliyemfungulia. Huyu wetu waende wamwone."

"Mama, mtu si kondoo."

"Ndiyo. Kondoo nilimzika nikanunua mwingine."

Baba yako alikula kidogo, akaenda akawasha makaa ya pasi. Sasa hivi ananyoosha ile suruali yake ya safari. Dani ameurudisha mtungi, ananisimamia kikombe baada ya kikombe kama askari.

Nairobi sijawahi kufika. Siogopi mji, naogopa daktari kunyamaza tena.

Namfikiria yule mama kondoo. Yeye hakuulizwa. Mimi nimeulizwa, nimekubali.

Tangu jana umetulia mno. Dani anasema umelala. Mwanangu, kama kuna mwanya hata wa kupita sindano, kojoa. Kojoa leo, maji yaonekane kesho. Na kama salamu hizi zimekufikia, nipige teke, hata moja, hata dogo. Usikawie kunijibu. Nimeweka mkono tumboni, nangoja.