Mama Akimnyoa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Kidato cha pili wamenichekesha leo. Niliwabandikia ubaoni mchoro wa wino wa zamani, kutoka kitabu cha maktaba: mwanamume anamfunga mkewe vifungo vya mgongoni. Basi — miluzi, kelele! "Mwalimu, anafunga au anafungua?" Nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha kazi: chora mapenzi ya nyumbani kwenu. Marufuku mabusu, maua na makopa. Wakanuna.

Jumatano, 5 Machi

Michoro mingi ni ya ovyo. Baba na gari jipya. Mama na mkoba. Halafu wa Kijiti — wenzake wamempa jina hilo kwa wembamba wake. Penseli tupu. Baba yake alikuwa fundi mwashi, akaanguka jukwaani, akapooza mwili mzima. Mama yake, dobi, anamnyoa ndevu kitandani. Wembe uko kooni. Baba amefumba macho. Mama anatabasamu. Kumwamini mtu hivyo!

Nikaandika chini yake kwa wino mwekundu: Bora kabisa.

Nyumbani nikamwonyesha mume wangu. "Mzuri," akasema, macho kwenye simu. Nimemwonea wivu dobi. Mimi!

Jumatatu, 10 Machi

Baba yake Kijiti amefariki jana. Vidonda vya mgongoni.

Jumanne, 11 Machi

Tumezika.

Nilimfuata mama yake nyuma ya nyumba, kwenye kamba zake za nguo. Nikampa pole. Nikamwambia nimeuona mchoro, na kwamba marehemu alipendwa kweli. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mwalimu, mtoto kachora alichokiona. Nilitabasamu, ndiyo." Akavuta mdomo pembeni, nikaona pengo. "Hili ni kazi yake. Alinipiga tangu nikiwa bibi arusi. Siku aliyoanguka, mikono ikafa. Ndipo nikajua usingizi."

Anasema kila akimnyoa alikuwa anausimamisha wembe pale kooni. Kidogo tu. Amsikie anavyohema. Hakuwahi kumkata.

"Nilitaka naye ajue kuogopa kulivyo."

Nikamuuliza, na mtoto?

"Alikuwa mdogo, hakumbuki. Na asijue, mwalimu. Kazika baba leo. Nisimzikie baba mara ya pili."

Yale macho yaliyofumbwa! Na mimi na wino wangu mwekundu.

Alhamisi, 13 Machi

Kijiti amerudi shuleni. Hali, hasemi. Kaniuliza jambo moja tu: mchoro wake utatundikwa kesho, siku ya wazazi? Kamwomba mama yake aje kuuona. Nikasema nitaangalia. Nikaufungia kabatini.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu mkuu kafungua kabati akitafuta gundi! Nimeingia nikakuta kautundika mlangoni mwa ukumbi, wa kwanza kabisa. Ningesema nini? Kwa sababu ipi?

Wazazi wanajazana pale. Mmoja anafuta machozi. Wengine wanampa mkono mama Kijiti, na nguo zake za msiba: hayo ndiyo mapenzi, siyo ya watoto wa siku hizi! Anaitikia kwa kichwa tu. Mdomo kaufunga. Kijiti hambanduki, uso umechangamka — mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa mwalimu mkuu anataka mama aseme mawili matatu mbele ya wageni.

"Nisaidie, mwalimu," kaninong'oneza. Mkono wake wa baridi, umekauka kwa sabuni. "Niseme nini? Siwezi kumsifu yule. Siwezi."

Nikafungua mdomo.

Kijiti akaja mbio, akamvuta. "Mama, wanakungoja. Waambie ulivyompenda baba."

Kaenda naye. Niko koridoni, naandika nimeegemea ukuta, miguu haitaki kuingia. Wamepiga makofi. Viti vimeburuzwa. Mtu kakohoa.

Wamenyamaza wote.

Bado hajaanza.