Karatasi ya Kitanda cha Nne

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji na wanangu wote hapo nyumbani. Natumaini goti limepata nafuu na sasa unapanda ngazi za mahakama bila kushika ukuta. Wifi yako anaendelea vizuri na kichanga chake, maziwa yanatoka, na usingizi anauiba mchana. Mimi ni mzima wa mwili. Binti yako Bosi, ambaye jina hilo ulimpa mwenyewe siku alipokufukuza kwenye kiti chake, leo ameamka bila homa. Ni siku ya nne sasa.

Barua yako nimeipata, pamoja na nakala ya malalamiko uliyopeleka kwa mkuu wa hospitali. Nimeisoma mara tatu. Kweli wewe ni karani wa mahakama, maana kila mstari una meno. Umeandika kwamba nesi wa zamu alizembea, kwamba mtoto wa miaka minne alikaa siku tatu na vidonda mdomoni bila kuangaliwa, na kwamba asingekuwa baba yake mwenye moyo wa chuma, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine. Nilipofika kwenye moyo wa chuma niliikunja karatasi, nikaenda kutema mate kwenye sinki.

Kwenye simu nilikuwa nakupa vipande vipande, kwa hiyo acha nikueleze tunavyoishi. Wodi yetu ina vitanda kumi na viwili, na mwanamume anayelala hapa ni mimi peke yangu. Unakumbuka saratani ya damu ilionekana wiki ileile wifi yako aliyojifungua, ikabidi nije mimi. Akina mama wa wodini walinipisha kwenye kamba ya kuanikia nguo, wakawa wananiita bwana harusi. Kila mgeni akija anasema baba kama huyu hajapata kumwona. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye sifa zile zikaanza kunikaa kooni kama chai iliyoingia nzi, nami ndiye niliyemwona nzi.

Kazi yangu unaijua. Miaka kumi na minne nazibua vyoo vya watu. Nimekula chakula cha mchana nimekaa kwenye ukingo wa chemba iliyo wazi, na mafundi wenzangu wananiita Pua Mbao. Nilidhani hakuna kinachotoka kwa binadamu kikanishinda. Kumbe vile vilikuwa vya watu nisiowajua. Hii dawa inayoingia kwenye mshipa wa Bosi ina harufu yake, kama sarafu zilizokaa mkononi mwenye jasho, na inamtoka kwenye ngozi, kwenye mkojo, kwenye pumzi. Anatapika kitu cha njano kinachovutika kama gundi. Nywele zake nimezikuta kwenye mto, kwenye sabuni, mpaka kwenye ulimi wangu nikitafuna mkate. Vidonda vya mdomoni vilipoanza, pumzi yake ikawa ya kitu kilichooza. Dada, nilikuwa namwinamia mwanangu huku nimebana pua kwa ndani.

Jirani yetu mwenye duka la vitambaa alikuja kumwona. Alisimama mlangoni, leso puani, akaniuliza kama ugonjwa huu unaambukiza, kisha akaomba apige picha na mgonjwa akiwa hukohuko mbali. Nilimtoa nje kwa maneno ambayo sitayaandika. Wodi nzima ilinisifu tena. Mimi nikabaki najiuliza, leso yake na yangu zina tofauti gani, zaidi ya kwamba yangu haionekani.

Yupo nesi mmoja hapa ambaye watoto wanamwita Nesi Pole, kwa kuwa kabla ya sindano anasema pole, na baada ya sindano anasema pole nyingine, hata sindano ikiwa ni ya mtoto wa kitanda kingine. Ndiye huyo uliyemshitaki. Yeye ndiye aliyenifundisha kumsafisha Bosi mdomo kwa pamba na maji ya chumvi, mara nne kwa siku, juu ya ulimi, chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Alining'iniza karatasi miguuni mwa kitanda chetu, namba nne, akaniambia kila nikimaliza niweke alama. Alisema mtoto anamwamini baba kuliko glavu za nesi, na kwamba mdomo ndio mlango wa homa kwa mtoto ambaye damu yake haina askari.

Sasa nakuomba ukae chini, kama umesimama.

Jumanne ya wiki ile ya vidonda, Bosi alinitapikia kifuani wakati namsafisha. Niliruka nyuma. Sikupiga kelele, sikumgombeza, ila uso wangu ulisema kila kitu, na yeye alikuwa ananitazama. Nilimwita mama wa kitanda cha tano aje amfute, nikasema nakwenda kubadili shati. Nikakaa bafuni karibu saa nzima. Kuanzia hapo sikumgusa mdomo. Saa ya kusafisha ikifika nilikuwa nachukua kalamu, naweka alama. Alama kumi na moja, dada, nimezihesabu. Nesi Pole alipotaka kumchungulia, Bosi alibana midomo, nami nikamwambia amwache apumzike, nimeshamsafisha na mdomo ni safi. Akaitazama karatasi, akaniamini.

Ijumaa homa ikapanda, mtoto akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Daktari alimfungua mdomo kwa nguvu. Ulikuwa umejaa utando mweupe, na wadudu walikuwa wameshaingia kwenye damu. Wakamhamishia chumba cha peke yake na dawa ya saratani ikasimamishwa. Daktari aliuliza ilikuwaje, nikainama kuokota shuka. Uliponipigia simu ukauliza, nikasema nesi hakumwangalia. Ilinitoka kirahisi tu.

Homa iliposhuka, Bosi aliniita nisogee. Akaninong'oneza sikioni kama mtu anayetoa siri nzuri.

"Baba, siku hizi sitapiki. Ikija naimeza."

Nikamuuliza kwa nini anaimeza. Akanijibu kwamba mimi sipendi. Alisema kwa sauti ya mtoto anayengoja kusifiwa.

Nimefanya kazi ndani ya mashimo ambayo watu hupita mbio, lakini sijawahi kukutana na kitu cha kunichukiza kama mimi mwenyewe saa ile.

Basi asubuhi ya leo nimekwenda kwa muuguzi mkuu, nikamweleza yote na kumwonyesha alama zangu za uongo. Alisikiliza bila kuinua kichwa, kisha akasema malalamiko yako yameshafika kwa mkuu wa hospitali, na Nesi Pole ameondolewa wodini mpaka yatakaposikilizwa. Kwa hiyo ninakuomba, dada yangu, uandike leo hii kwamba uliambiwa uongo, na aliyekuambia ni ndugu yako. Taja kosa langu bila kulipunguza. Mama naye umweleze, maana najua ameshaitangaza habari ya moyo wa chuma mtaa mzima.

Nesi Pole nilimkuta kwenye korido, amekuja kuchukua viatu vyake vya kazi. Nilimwambia palepale, akina mama wakisikia. Akasema hawezi kuniambia yameisha, kwa sababu hayajaisha. Halafu akauliza kama mtoto amesafishwa mdomo leo. Nikasema bado. Akaweka viatu chini, akanifuata.

Nilimsafisha mbele yake. Bosi alitapika juu ya mkono wangu, akaninyanyulia macho haraka kunisoma usoni. Harufu ni ileile, dada, nisikudanganye tena. Lakini mkono niliuacha pale. Nikamwambia Bosi atoe yote, asibakize. Akatoa. Kutoka mlangoni Nesi Pole akasema nimesahau chini ya ulimi, nikarudia.

Nisalimie shemeji na watoto, na goti lisikufanye ukose kufika posta. Bosi anakusalimu na anauliza kama kile kiti chake kuna mtu anakikalia.

Ni mimi mdogo wako,
Baba Bosi