Ukoo Usio na Kichaa

Mtaa wa Swahili,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Novemba 1958

Mpendwa mdogo wangu Anselmi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Kikohozi kinaendeleaje? Uliandika kwamba baridi ya London inakuingia mpaka kwenye meno, nikacheka, maana hapa nyumbani ulijifunika blanketi hata Desemba. Sisi miili yetu ni mizima. Mvua za vuli zimeanza, sokoni tope limefika vifundoni, nami nauza maandazi yangu humo humo.

Sasa habari yenyewe. Rufaa ya ndugu yetu Ignasi imetupwa, na Gavana amelikataa ombi la huruma. Atanyongwa Jumanne ijayo. Nimejaribu kulizungusha neno hili, nimeshindwa.

Barua yako nilimpelekea wakili wetu, Bwana Umakant, kwake Upanga. Nilikwenda mbio kama mtu aliyepata dawa. Nikamweleza ulivyotufafanulia, kwamba huko Uingereza tangu mwaka jana ipo sheria ya mtu ambaye akili yake imepungua kwa ugonjwa ingawa haijapotea yote. Akiua, kosa lake hupunguzwa, anafungwa wala hanyongwi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Bi Klara, sheria hiyo naijua. Huku haijafika. Hapa kwetu ama mtu hajui kabisa anachokitenda, ama ni mzima."

Na Ignasi wetu ni wa katikati. Unamjua. Wiki nzima anafua nazi na kutaniana na wateja, kisha siku moja anawasikia watu ukutani wakimpangia njama. Siku aliyomkata Augustino akafa, mwenzake wa kibanda cha nazi, aliamini katumwa na hao wa ukutani. Lakini alijua kwamba lile ni panga na yule ni Augustino, na kwa jaji hilo lilitosha.

Hata hivyo tungeweza kujaribu, na hapo ndipo ninapomkasirikia mama mpaka nashindwa kula naye. Wakili alimwita mahakamani aeleze aliyoyaona nyumbani, na alikuwa nayo mengi. Ila kwenye benchi la nyuma alikaa mshenga wa posa ya mdogo wetu Scholastika, na unajua sisi watu wa Masasi tunavyochunguza ukoo kabla ya kuoana: kifafa, ukoma, kichaa. Mama akasimama akasema, "Mwanangu ana akili timamu. Ukoo wetu hauna kichaa." Wakili akamuuliza tena kwa upole, naye akajibu vilevile.

Baada ya hukumu mshenga alikuja nyumbani. Alikunywa chai yetu yote kwanza. Kisha akasema kwao ugonjwa wangeuvumilia, kwani ni mapenzi ya Mungu, lakini mtu mwenye akili timamu aliyeua, damu yake hawawezi kuichukua. Alitumia maneno ya mama mwenyewe. Posa imevunjika.

Mama alitaka kurudi kwa jaji aseme kwamba alidanganya. Akaambiwa amechelewa. Wakili aliyaandika maneno yake kwenye ombi la huruma, yakaonekana ni ya mzazi anayemlilia mwanawe tu.

Jana tuliruhusiwa kumwona Ignasi gerezani. Mungu anisamehe, nilitamani nimkute amechanganyikiwa. Alikuwa ametulia kabisa, akauliza kama umeshapata koti zito. Mama alikuwa anatazama sakafu. Ignasi akamwambia, "Usilie, mama. Mbele ya watu wote wale ni wewe peke yako uliyesema mimi si kichaa. Nakushukuru."



Usitutafutie sheria nyingine, Anselmi. Soma, kula, jikinge na baridi. Scholastika anakusalimu, na Ignasi alikutaja kwa jina nikupe salamu zake. Barua hii huenda ikakufikia Jumanne imeshapita. Muombee hivyo hivyo. Mungu akulinde huko uliko, abaki nasi pia huku.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kuandika,

Klara